Mwanangu anasema haumwi, nami naona anapotea

Barua za ukurasa huu zinajibiwa na muuguzi mstaafu wa wodi ya magonjwa ya akili.

SWALI

Dada mshauri, salaam.

Mimi ni mama wa watoto watatu. Ninayekuandikia habari zake ni wa kwanza, kijana wa miaka 24. Alikuwa mtoto wa mpira na utani, marafiki zake walikuwa wanajaa sebuleni. Alipomaliza masomo alipata kazi ya kutunza hesabu, akaifanya kwa miezi kadhaa, kisha akaiacha bila hata kuaga. Alisema wenzake walikuwa wanamsema kwa ishara, kwa kukohoa na kugonga meza kwa kalamu.

Tangu hapo haendi popote. Kuoga mpaka nimwombe. Mchana amelala, usiku anatembea chumbani, nasikia hatua zake kutoka ukutani hadi dirishani. Matundu ya soketi ameyaziba kwa karatasi na gundi. Simu yake anaiweka kwenye kopo la bati. Usiku mmoja nilimsikia akimjibu mtu, nikasogea mlangoni nikidhani anaongea na simu, na kumbe simu ilikuwa sebuleni, ndani ya lile kopo. Chakula changu hali mpaka nikionje mbele yake.

Baba yake anasema ni uvivu na bangi, kwamba tumfukuze akaonje maisha. Ni kweli amewahi kuvuta, kama bado anavuta sijui. Jirani yangu ameniletea vidonge vilivyobaki vya ndugu yake, akaniambia nivisage nimtilie kwenye chakula, atatulia. Viko kabatini, sijavitumia. Nikimwambia twende hospitali ananijibu, “Siumwi. Wagonjwa ni nyinyi.” Na wiki iliyopita mdogo wake wa kike alimtania kidogo tu, akamsukuma mpaka akaanguka. Hajawahi kumgusa maishani.

Je, mwanangu ni kichaa? Nimfanyeje mtu mzima asiyekubali kwamba anaumwa? Na je, mimi ndiye ninayemharibu kwa kuendelea kumlea?

Mama asiyelala

JIBU

Dada yangu, kwanza viondoe hivyo vidonge kabatini, leo hii. Vipeleke duka la dawa wakuelekeze namna ya kuviharibu. Jirani yako hakukutakia mabaya, na naelewa kwa nini hukuvitupa: mtu aliyechoka hushika chochote kinachomwahidi usiku mmoja wa utulivu. Lakini tazama jambo hili kwa upande wa kijana. Anaamini kuna kitu kwenye chakula chake. Siku utakayotia kitu, atakuwa anasema kweli. Na atajua, kwa sababu dawa nyingi za aina hiyo hazijifichi mwilini. Mdomo unakauka, usingizi mzito unamwangusha mchana, na wapo ambao shingo na taya hukakamaa na macho kuvutwa juu hata mtu akadhani anakata roho. Hapo sijagusa hatari ya kumpa mtu dozi ya mwingine wakati hakuna aliyempima chochote. Kijana wako bado anakula kwako, hata kama ni mpaka uonje. Imani hiyo ndogo iliyobaki ndiyo itakayomfikisha kwa daktari, kwa hiyo usiiharibu.

Umeuliza kama ni kichaa. Ninachokiona mimi katika barua yako ni mtu mwenye hofu kubwa. Anasikia sauti ambazo nyinyi hamzisikii, anaona ishara zake kwenye kikohozi cha mtu, anajilinda na soketi na simu. Hali ya namna hii madaktari huiita saikosisi, yaani akili inashindwa kutenganisha kinachotoka nje na kinachotoka ndani yake yenyewe. Saikosisi ni dalili, na magonjwa yanayoileta ni mengi. Skizofrenia ni mojawapo, na kwa wanaume huanza mara nyingi mwishoni mwa ujana hadi katikati ya miaka ya ishirini, umri alionao mwanao. Inaishi na watu zaidi ya milioni 20 duniani, kwa hiyo nyumba yenu haiko peke yake. Bipola, yaani ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, inaweza kuileta, sonona kali pia, vilevile bangi, pombe na dawa nyingine za kulevya. Na kuna chanzo ambacho familia nyingi hazikifikirii, yaani mwili: tezi ya thairoidi iliyoharibika, aina fulani za kifafa, kaswende iliyofika kwenye ubongo, VVU, upungufu wa vitamini B12, uvimbe kichwani. Ndiyo maana sitakupa jina la ugonjwa kwa barua, na yeyote anayekupa jina bila kumwona kijana, kumsikiliza na kumpima damu, usimfuate.

Mwambie baba yake hivi. Bangi inaweza kuamsha saikosisi kwa mtu ambaye tayari ana mwelekeo huo, na kumzidishia aliyekwisha kuugua. Lakini hata ikithibitika ni bangi, jibu bado ni daktari. Kumfukuza mtu anayeamini anafuatiliwa ni kumpeleka mahali ambapo hakuna atakayeona hali yake ikizidi. Tena huo mnaouita uvivu, kulala mchana, kukaa bila kuoga, kutojali chochote, nimeuona kwa vijana waliokuwa wachapakazi wa kutegemewa. Katika magonjwa haya, hamu na nguvu ya kuanza jambo huondoka zenyewe. Mtu anaujua mlango wa bafu ulipo na bado hawezi kuinuka.

Sasa nije kwenye lile neno lake, “Siumwi.” Hapa ndipo familia nyingi hupoteza miezi, na miezi katika ugonjwa huu ina thamani, kwa kuwa saikosisi inavyokaa muda mrefu bila tiba ndivyo kupona kunavyokuwa kugumu zaidi. Mwaka 1914 daktari wa Paris aliyeitwa Joseph Babinski alieleza habari za wagonjwa waliopooza upande wa kushoto wa mwili na ambao hawakujua kabisa kwamba wamepooza. Hawakuwa wakidanganya wala wakijipa moyo. Ubongo wao haukuwapa habari hiyo. Baadaye ikaonekana kwamba wengi wenye saikosisi wako katika hali inayofanana na hiyo: kiungo kinachoumwa ndicho hicho hicho ambacho kingetakiwa kugundua kwamba kinaumwa. Kwa hiyo kijana wako anapokuambia haumwi, anakuambia ukweli kama anavyouona. Ukimletea ushahidi, atakuongeza kwenye orodha ya wanaompinga.

Acha basi kudai akubali kwamba anaumwa. Hilo si sharti la kupata msaada. Nimewapokea wengi wodini ambao hawajawahi kukiri hata siku moja, na bado walikunywa dawa kwa sababu ziliwapa usingizi, au kwa sababu mama aliomba. Wewe tafuta kitu kimoja ambacho yeye mwenyewe anakiona kuwa ni shida, uingilie hapo.

Nakumbuka kijana mmoja aliyeletwa kwetu na jino. Aliamini ndani ya jino lake kulikuwa na chombo kinachopokea sauti. Ndugu zake walikuwa wamebishana naye mpaka wamekauka makoo. Mama yake alikaa naye siku moja akamuuliza swali moja tu: “Linauma?” Akasema linauma. “Basi twende likaangaliwe.” Hakusema kuna chombo, wala hakusema hakuna. Daktari wa meno alikuta jipu la kweli kwenye ufizi, akalitibu, na wakati akiandika dawa akamuuliza kuhusu usingizi. Kijana akafunguka, kwa sababu kwa mara ya kwanza aliambiwa kwamba maumivu yake yapo. Kutoka chumba hicho alikuja kwetu kwa miguu yake mwenyewe.

Wa kwako mlango wake ni usingizi. Usiku hapati usingizi, na nadhani mwenyewe analijua hilo. Mchague wakati ametulia, mkae upande kwa upande, si uso kwa uso kama polisi na mshukiwa, useme kwa ufupi. “Mwanangu, nasikia unavyotembea usiku. Unapumzika kweli?” Kisha nyamaza. Ukimya ule utakuwa mrefu, uache uwe mrefu. Akianza kueleza kuhusu soketi au watu wanaomsema, usicheke, usibishe, na pia usikubaliane. Uko msemo wa katikati, nimeutumia maisha yangu yote ya kazi: “Mimi hizo sauti sizisikii, lakini naona zinakutesa. Lazima inachosha sana.” Hapo hujadanganya, na yeye hajaachwa peke yake. Siku nyingine ndipo useme, “Twende kwa daktari atusaidie huu usingizi. Uende na mimi, au ungependa kwenda na mjomba?” Mwachie achague siku, achague wa kumsindikiza, abebe kopo lake la bati kama analitaka. Akikataa, sema sawa, urudie baada ya siku chache kwa sauti ileile. Usimwambie mnaenda kusalimia ndugu halafu mkamshusha kwenye lango la hospitali. Itafanikiwa mara moja, na mara ya pili hatapanda gari lako.

Wakati unasubiri, wewe nenda. Familia nyingi hazijui kwamba zinaweza kuonana na daktari au muuguzi wa afya ya akili kabla ya mgonjwa mwenyewe. Huenda asikuambie siri za mtu mzima, lakini hakuna kinachomzuia kukusikiliza. Nenda na daftari. Andika ulichokiona na ulichokisikia, pamoja na tarehe, bila kutafsiri. “Amechanganyikiwa” haimsaidii daktari. “Usiku wa Jumanne alitembea mpaka alfajiri, alikuwa anajibu sauti, alisema wanamsema kazini” inamsaidia sana. Andika lini mabadiliko yalianza, analala saa ngapi, anakula nini, amewahi kuumia kichwani au kupata degedege, anavuta au anakunywa nini, na katika ukoo nani aliwahi kuugua namna hii. Mara nyingi mbele ya daktari mgonjwa hujikaza, anajibu vizuri kwa robo saa, na anarudishwa nyumbani. Daftari lako ndilo linalozuia hilo.

Na nyumba yenyewe. Kuanzia miaka ya 1950 mtafiti George Brown na wenzake huko London waliwafuatilia wanaume waliotoka hospitali za magonjwa ya akili, wakashangaa kuona kwamba waliorudi kwa wazazi au wake zao waliugua tena zaidi kuliko waliopanga chumba au waliokwenda kuishi na ndugu waliozaliwa nao. Walipochunguza, wakakuta mambo matatu: lawama za kila wakati, uhasama, na mzazi anayemganda mgonjwa kama mtoto mchanga. Hayakuleta ugonjwa, naomba usome sentensi hiyo mara mbili, lakini yaliurudisha. Kwa hiyo swali lako la mwisho nalijibu hivi: hujamharibu kwa kumlea. Mpunguzie tu vitu viwili. Kelele za baba, na macho yako juu yake saa zote. Baba akiona hasira inapanda, atoke nje apunge upepo. Wewe usimfuate chumbani kila anapokohoa. Kanuni za nyumba ziwe chache na wazazi wote wawili wazishike: hakuna kumpiga mtu, hakuna kuvuta ndani, asubuhi aseme neno moja ili mjue yuko salama. Kuoga na kupanga chumba visubiri. Pesa mpe kidogo kidogo kwa jambo linaloonekana, bila hotuba.

Kuhusu binti yako nitasema wazi, kwa sababu hapo barua ilinishtua. Wengi wenye magonjwa haya hawamdhuru mtu, na mara nyingi zaidi wao ndio wanaodhuriwa. Lakini mtu anayeamini anavamiwa hujitetea, na kumsukuma mtu ambaye hajawahi kumgusa ni badiliko la kulichukulia kwa uzito. Mweleze binti kwamba kaka yake anaumwa na utani umesimama kwa sasa. Wasibaki wawili tu siku ambayo kaka ana jazba. Visu, sumu za wadudu na dawa zote za nyumbani ziwekwe mbali na mkono. Akichafuka, zimeni televisheni, aongee mtu mmoja kwa sauti ya chini, mtu asisimame mlangoni kumzibia njia, mkono usimguse. Na nambari za kupiga wakati wa dharura ziandikwe leo.

Usisubiri akubali kama anasema sauti zinamwamuru ajidhuru au adhuru mtu, kama hali wala hanywi kabisa, kama anaaga watu au anagawa vitu vyake. Hapo omba msaada wa dharura, hata kama atakuchukia kwa muda. Akichanganyikiwa ghafla pamoja na homa, maumivu makali ya kichwa au degedege, mpeleke saa hiyohiyo. Hiyo inaweza kuwa ni ubongo wenyewe umeshambuliwa na maradhi. Na muulize waziwazi, “Unafikiria kujiua?” Mama wengi huogopa swali hilo wakidhani litampandikizia wazo. Halipandikizi. Mara nyingi anayeulizwa hushusha pumzi.

Umejiita Mama asiyelala. Zungumza na baba yake mgawane usiku, mmoja asikilize hatua za chumbani na mwingine alale kweli, mkipokezana. Safari hii inaweza kuwa ndefu, na mtu aliyekesha hapati ule ukimya niliokuomba uuache uwe mrefu.

SWALI

Shangazi mshauri, shikamoo. Kaka yangu aliugua akili, akalazwa, sasa yuko nyumbani na ametulia. Anatumia dawa lakini amenenepa sana na anasema ataziacha kwa kuwa amepona. Pia nina swali ninaloogopa kuuliza nyumbani. Mimi nina miaka 19. Na mimi nitaugua?

Mdogo mtu

JIBU

Marahaba, mwanangu. Nianze na hilo unaloliogopa. Kama kaka yako ana skizofrenia, uwezekano wa ndugu wa damu kuugua ni mkubwa kuliko wa watu wengine, takribani 1 kati ya 10, wakati kwa watu wote ni kama 1 kati ya 100. Maana yake ndugu wengi sana hawaugui. Mimea haitoki kwa mbegu peke yake, na baadhi ya mambo uko nayo mkononi: bangi usiiguse kabisa, hata ya kuonja na marafiki, na usingizi wako uulinde. Ukianza kuona watu wanakusema kwa ishara, au ukisikia jina lako likiitwa mara kwa mara na hakuna mtu, mwambie mtu mzima unayemwamini siku hiyohiyo. Anayefika mapema hutibiwa kwa wepesi zaidi. Swali lako si la aibu, na nadhani mama yako naye analo moyoni.

Kaka yako anasema kweli kuhusu unene. Baadhi ya dawa hizi huongeza njaa na uzito, nyingine hupandisha sukari, na kijana anayejiona anabadilika mwili ana haki ya kulalamika. Mkimjibu “kunywa tu,” ataanza kuzitema chooni. Lakini kuziacha ghafla ndiyo njia inayowarudisha wengi wodini, kwa kawaida si siku ya kwanza, ni baada ya wiki au miezi, wakati kila mtu amekwisha kusahau. Ziko njia za katikati. Daktari anaweza kupunguza dozi taratibu, kubadili dawa, au kumpa sindano inayokaa mwilini kwa wiki kadhaa kama tatizo lake ni vidonge vya kila siku. Hayo yote yanaanza na yeye kusema, na wagonjwa wengi hawasemi, wanaulizwa “hujambo” wanajibu “sijambo” na kutoka.

Muulize kama anakuruhusu uingie naye siku ya kliniki. Akikubali, kaeni usiku uliotangulia muandike kwa mwandiko wake mambo mawili au matatu yanayomkera, la unene liwe la kwanza. Mle ndani mwachie yeye asome. Akipata kigugumizi, msomee wewe, kisha mwombe muuguzi ampime uzito, presha na sukari, na aviandike kwenye kadi yake ili mara ijayo mlinganishe.